Springi za Shangingi, Kiuno cha Mkulima

Kuna neno moja limenichosha: anasa.

Tangu nianze kukatiza mitaa ya Sumbawanga na baiskeli yangu mpya (mpya kwangu mimi, maana ni mtumba kutoka Ulaya), kila ninaposimama lazima atokee mtu alizunguke hilo dude, akandamize siti aone inavyozama na kuinuka, aulize bei, kisha atikise kichwa. "Bwana mwandishi, sasa hii ni anasa."

Nimeambiwa hivyo na kijana wa bodaboda, na mwalimu, na waandishi wenzangu wawili. Hao nimewasamehe. Aliyenifanya nikae chini kuandika ni ofisa mmoja, jina namsitiri, ambaye alinihubiria habari za anasa akiwa ameegemeza kiwiko dirishani mwa Landcruiser ya umma, injini inanguruma, dereva anasubiri.

Haya basi, tuzungumzie anasa.

Lile gari lina matairi makubwa, manene. Kwa nini? Kwa sababu njia zetu zina mawe na mashimo. Lina springi na shokapu kila upande. Kwa nini? Kwa sababu mtu aliyelibuni aliifikiria njia kwanza, akamfikiria na binadamu atakayekaa ndani yake. Watu wamepiga sana kelele kuhusu mashangingi, na wana haki, lakini kelele ni za bei na mafuta. Sijawahi kumsikia mtu anasema shokapu za gari ziondolewe kwa kuwa ni anasa.

Sasa naomba mnieleze. Inakuwaje mtu anayesukumwa na injini astahili kukingwa na shimo, na mtu anayejisukuma kwa miguu yake mwenyewe, anayepita shimo hilohilo, tena na gunia la mahindi kwenye keria, asistahili? Shokapu zake yeye ni magoti, viwiko na kiuno. Na hizo hakuna duka linalouza spea.

Hoja yangu ni moja na naisema mapema ili asiye na muda ajiendee zake: baiskeli ni chombo cha usafiri, na anayeiendesha katika nchi kama Ufipa anastahili chombo kilichofikiriwa kwa ajili ya njia yake. Kumuuzia kitu kingine ni dharau, na dharau hiyo ina gharama kubwa kuliko maumivu ya kiuno.

Kwa ambao hamjafika huku. Najua mkisikia Sumbawanga mnawaza ungo. Hata jina lenyewe tunaambiwa maana yake ni "tupa uchawi". Ningekuwa na ungo nisingeandika haya, maana ungo haupiti kwenye mawe. Mimi napita. Mji uko juu ya uwanda wa Ufipa, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na uwanda huo si tambarare kama jina linavyodanganya. Ni vilima vya nyasi vinavyopanda na kushuka bila kuchoka, na baridi ya Juni na Julai ambayo mtu wa Dar haiamini. Upande wa Mbizi ardhi inavuka mita 2,000, halafu ghafla inakatika na kuporomoka hadi bonde la Ziwa Rukwa. Kutoka juu hadi ziwani ni zaidi ya mita 1,000 za kuteremka.

Lami tunayo, tusikufuru. Ya kwenda Tunduma ilijengwa miaka ya 2010 kwa fedha za Marekani kupitia mpango wa MCC, mkataba wake ulisainiwa 2008. Ya kwenda Mpanda ipo, ya kwenda Kasanga kupitia Matai ipo. Aliyesafiri Tunduma hadi Sumbawanga zamani, akalala njiani na basi limezama, anajua tulikotoka. Lakini watu wengi wa Rukwa hawaishi kando ya lami. Lami inapoishia ndipo Rukwa inapoanzia: moramu, mawe yaliyochongoka, makorongo yaliyokatwa na mvua ya masika, na wakati wa kiangazi barabara iliyojikunja kama bati kwa sababu ya malori ya mahindi. Huko ndiko habari ziliko. Huko ndiko ninakokwenda.

Kabla ya hii nilikuwa na baiskeli ya inchi 26, ile ambayo nyote mnaifahamu. Fremu nene inayong'aa, stika za miali ya moto, springi nyekundu chini ya siti na mbili za mbele, gea 18, na neno "mountain" limeandikwa kwa herufi kubwa ubavuni. Ndiyo iliyokuwepo dukani, na ndiyo iliyopo dukani mpaka leo. Vijana wanaiita "ya mlimani". Mlima gani, sijui.

Niwaeleze springi ile ilivyo, maana hapa ndipo wizi ulipo. Springi peke yake si shokapu. Springi ukiikandamiza inakurudishia kila kitu ulichoipa, kama kitanda cha chuma cha bweni: ukikaa kinakupokea, ukiinuka kinakurusha. Shokapu ya kweli, iwe ya gari au ya baiskeli, ina mafuta ndani yanayolazimishwa kupita kwenye vitundu vidogo. Mafuta hayo ndiyo yanayoituliza springi, gurudumu lipande jiwe, lirudi chini polepole na lishike ardhi. Ondoa mafuta, unabaki na mchezo wa kurukaruka. Ukikanyaga pedali kupandisha mlima, nusu ya nguvu inaishia kwenye kuikandamiza springi badala ya kuzungusha gurudumu. Ukiteremka, baiskeli inadunda kama mpira. Baada ya miezi michache bushi za plastiki pale fremu inapokunjika zimekwisha, na sehemu ya nyuma inacheza kushoto na kulia kama mkia wa ng'ombe.

Yaani umemuuzia mtu uzito wa shokapu, bei ya shokapu na sura ya shokapu. Shokapu yenyewe hukumuuzia. Huko Marekani baadhi ya baiskeli za aina hii, zile za maduka makubwa, hubandikwa onyo kwamba zisitumike nje ya barabara nzuri. Kwetu onyo halipo, na barabara nzuri haipo.

Sasa hii ya pili. Magurudumu ya inchi 29. Shokapu mbele na nyuma, za upepo na mafuta, zinashuka kama sentimita 12 kila upande. Breki za diski. Nimeipanda miezi minne, kiangazi kizima, na nitasema nilichokiona bila chumvi.

La kwanza ni gurudumu lenyewe, hata kabla ya springi. Gurudumu la 26 likivikwa tairi lina kipenyo cha kama sentimita 66, la 29 kama 73. Sentimita saba tu! Kwa macho ni kitu kidogo. Njiani ni kitu kingine. Jiwe la ukubwa wa ngumi lililokuwa likinisimamisha sasa nalipanda na kulishuka huku nazungumza. Sababu haina uchawi: gurudumu kubwa linaligusa jiwe kwa mwinuko mdogo zaidi, na likikutana na shimo halizami sana kabla ya kugusa ukingo wa pili. Kwenye ile barabara ya bati, gurudumu dogo linaingia katika kila mkunjo na kutoka, kubwa linapita juujuu. Tairi lenyewe ni nene, upepo unaujaza kidogo tu, nalo linafinyangika juu ya kokoto badala ya kuteleza.

La pili ni shokapu ya nyuma wakati wa kupanda. Hili watu hawaliamini. Wanadhani springi ni za kuteremkia. Kwenye njia za kupanda kuelekea Mbizi, penye mizizi na mawe yaliyolegea, tatizo si nguvu za miguu tu. Tatizo ni gurudumu la nyuma kuruka na kupoteza ardhi, ukakanyaga hewa, ukashuka ukasukuma. Hii inabaki chini. Unakaa kwenye siti, unakanyaga taratibu kama unasaga ulezi, na unafika.

La tatu ni mikono. Kutoka huku juu kuteremkia Muze, bondeni Rukwa, ni kona juu ya kona na mawe juu ya mawe, na joto linaongezeka kila unapozidi kushuka. Kwa ile ya 26 nilikuwa nafika chini vidole havikunji, siwezi kushika kalamu kwa nusu saa nzima. Mwandishi asiyeweza kushika kalamu amekwenda kufanya nini? Kwa hii nafika, naegemeza baiskeli kwenye mwembe, natoa daftari.

Hasara zake? Zipo. Ni nzito kuianzisha, ukisimama kwenye makutano halafu uondoke unaisikia. Mjini kwenye vichochoro inakata kona kama lori. Mtu mfupi atapata shida kuishuka kwa haraka. Na kwenye lami tupu, springi za nyuma ni mzigo ambao huna kazi nao, ndiyo maana ina kitufe cha kuzifunga.

Sasa nije kwenye jambo ambalo vijana wenzangu wa mjini hawataki kulisikia.

Hizi inchi 26 zilitoka wapi? Si kwamba wataalamu walikaa wakapima wakaona ndicho kipimo cha mlima. Miaka ya 1970 huko Marin, California, vijana walikuwa wakiteremka milima na baiskeli kuukuu za Schwinn. Kuanzia 1976 walikuwa na mashindano yao waliyoyaita Repack. Baiskeli hizo kuukuu zilikuwa na matairi manene ya inchi 26 kwa sababu ndiyo Schwinn iliyoyaingiza sokoni mwaka 1933. Basi. Waliyoyakuta jalalani ndiyo yakawa kipimo cha dunia kwa zaidi ya miaka 20. Matairi ya kufaa ya 29 yalianza kupatikana mwaka 1999, na hata hapo walioyapanda walichekwa. Mwaka 2008 kule Beijing, Mfaransa Julien Absalon alichukua dhahabu ya Olimpiki kwa 26. Miaka minne baadaye, London 2012, Jaroslav Kulhavý wa Jamhuri ya Czech akashinda kwa sekunde moja akiwa juu ya 29 yenye shokapu mbele na nyuma. Mjadala ukaanza kufungwa siku ile. Na katika mbio hizohizo alikuwepo mtoto wa Afrika Mashariki, Adrien Niyonshuti wa Rwanda, aliyemaliza wa 39.

Sasa chukueni futi mkapime Phoenix ya babu.

Rimu ya Phoenix, Avon, Raleigh na ndugu zao wote wa inchi 28 ina kipenyo cha milimita 635. Rimu ya hii yangu ya kisasa, inayoitwa 29, ina milimita 622. Mmesoma vizuri. Rimu ya babu ni kubwa zaidi. Unene wa tairi ndio unaoifanya yangu ipite kwa jumla. Wakati mabingwa wa dunia wanagundua faida ya gurudumu kubwa, mzee wa Laela alikuwa analitumia miaka yote kubebea maharage, na sisi tuliosoma tulikuwa tunamcheka kwamba ana baiskeli ya kishamba. Tukawashauri wadogo zetu wauze Phoenix wanunue "ya mlimani" yenye stika. Wakaacha gurudumu lililofaa wakachukua springi isiyofaa.

Sisemi Phoenix ni malaika. Gea moja, breki za vyuma ambazo rimu ikilowa zinabaki kupiga kelele tu, uzito wa kumchosha punda. Ninachosema ni kwamba ilibuniwa na mtu aliyefikiria mzigo na barabara mbaya, ndiyo maana imedumu. Tulipoambiwa tuachane nayo tulipewa picha ya baiskeli.

Nina ushahidi wa kidugu pia. Mwezi uliopita tyubu yangu ilichanika nikiwa mbali na mji, mchaniko usiozibika. Sumbawanga nzima hakuna tyubu ya 29. Fundi wa kijijini, mzee mwenye spana tatu na beseni la maji, akalitazama gurudumu akacheka: "Mwanangu, hii si 28 tu iliyonenepa?" Akatoa tyubu ya Phoenix, akapanua tundu la valvu kwenye rimu kidogo kwa tupa, akaivalisha. Nikarudi nayo mjini, na nikaendelea nayo wiki tatu.

Shokapu ni habari nyingine, na hapa wanaosema "anasa" wana pointi, siwanyimi. Ile ya nyuma inataka upepo mwingi sana, kuliko hata tairi la lori, na haijazwi kwa pampu ya fundi wala kwa kompresa ya kituo cha mafuta. Ina pampu yake ndogo maalumu. Usipokuwa nayo una fremu iliyolala. Vumbi la Ufipa linakula beringi zake, kila wiki nafuta na kupaka mafuta. Na bei: kwa fedha niliyotoa ningepata bodaboda iliyochoka.

"Sasa si ungenunua bodaboda?" Bodaboda inakunywa petroli kila siku, iwe nimeuza makala au sijauza. Miguu yangu inakunywa uji.

Halafu kuna pingamizi zito zaidi, na wanaolitoa ni watu wenye akili. Wanasema: mkulima hana haja na springi mbili, ana haja na keria. Kweli kabisa! Kilo 80 za mahindi juu ya shokapu ya nyuma kama yangu ni kuua baiskeli na mpandaji. Sijasema, na sitasema, kila mkulima wa Ufipa anunue kama hii.

Ila tazameni ng'ambo tu ya Kasesya, kwa jirani zetu wa Zambia. Huko shirika la World Bicycle Relief lilianza katikati ya miaka ya 2000 kusambaza baiskeli inayoitwa Buffalo. Haina springi hata moja. Rimu zake ni ndogo kuliko za Phoenix. Lakini fremu yake ni chuma kizito, keria yake imejengwa kubeba kilo 100, spea zake na mafundi wake wamefikiriwa tangu mwanzo. Hiyo nayo ni heshima ileile ninayoidai, imekuja kwa umbo jingine. Goma nao walijichongea chukudu ya mbao kwa ajili ya njia zao za mawe ya volkano na mizigo yao, na mji ukaisimamishia sanamu. Kila mahali penye akili, chombo kinaanza na njia na kazi. Ya kwangu kazi yake ni mtu mmoja, daftari, kamera na mawe mengi. Ya mkulima kazi yake ni gunia. Zote mbili zinastahili mbunifu asiyedanganya. Hiyo springi nyekundu isiyo na mafuta haimsaidii yeyote kati yetu, mimi wala yeye.

Sasa niseme kwa nini jambo hili linanitia hasira kiasi hiki, maana najua mtasema ni baiskeli tu.

Tuseme ukweli tunaoujua sisi wa mikoani. Habari nyingi za vijijini zinaandikwa kutoka kiti cha nyuma cha gari la mtu mwingine. Kuna ziara ya mheshimiwa, waandishi tunapakiwa, tunafika kijijini, dakika arobaini, utepe unakatwa, ngoma inapigwa, tunakula, tunarudi. Ukijitenga kidogo ukamuuliza mama mmoja pampu ya kisima imekufa lini, msafara unapiga honi. Na ukiandika habari ya kisima badala ya habari ya utepe, ziara ijayo utaambiwa gari limejaa. Kwa miaka mingi tumekuwa tukikemea waandishi wa bahasha, na tuendelee. Lakini bahasha si noti tu. Kiti cha kwenye gari nacho ni bahasha.

Mwandishi wa kujitegemea anayelipwa kwa makala, asiye na chombo chake, hajitegemei hata kidogo. Anaijitegemea lami. Anaandika kuhusu vijiji vilivyo kando ya barabara na kuhusu watu wenye magari. Tangu nipate hii nimefika mahali ambapo hakuna msafara unaofika, nimekaa siku mbili, nimeondoka nilipotaka mwenyewe. Hakuna aliyenipigia honi. Mnaiita anasa?

Na ya mkulima ni hiyohiyo. Mwenye baiskeli inayotembea anaweza kupeleka mahindi yake mnadani au mjini, akauliza bei kwa watu watatu, akakataa, akarudi nayo. Asiye na chombo anamsubiri mnunuzi aje na lori shambani, na mwenye lori ndiye anayetaja bei, ndiye mwenye kipimo, ndiye anayesema gunia halijajaa mpaka liwe lumbesa. Baiskeli iliyovunjika spoku msimu wa mavuno inamnyima mtu uwezo wa kusema hapana. Hebu lifikirieni hilo mara ya pili kabla hamjacheka.

Nataka nini basi? Vitu vitatu tu.

Wauzaji waache kuuza pambo kwa jina la shokapu. Springi isiyo na mafuta ndani iitwe springi ya mapambo, mtu anunue akijua. Shirika la viwango tunalo tangu 1975. Bati zinapimwa, nondo zinapimwa, na chombo kinachobeba binadamu kuteremka Lyambalyamfipa kipimwe pia.

Wanaopanga barabara watuhesabu. TARURA ilianzishwa 2017 kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini, yaani hizi tunazopita sisi. Bega la barabara liwe la kupitika, si ukingo unaokatika ghafla kama ngazi. Matuta yaachiwe upenyo pembeni, baiskeli yenye mzigo ipite. Anayehesabu vyombo barabarani kabla ya ujenzi, asihesabu injini peke yake. Wenzetu wa Kigali mwezi Septemba 2025 waliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Sisi hatujaomba mashindano. Tumeomba nusu mita.

La tatu ni letu, vijana tuliosoma. Tuache kumwona mwenye baiskeli kama mtu aliyeshindwa maisha, na mwenye baiskeli nzuri kama mtu aliyechanganyikiwa. Ukienda dukani, geuza gurudumu usome namba ubavuni mwa tairi. Kandamiza springi utazame kama inarudi kwa adabu au inaruka. Tikisa sehemu ya nyuma usikilize. Uliza tyubu na spoku zinapatikana wapi. Simu unaichunguza saa mbili kabla ya kuinunua, na simu haikubebi.

Wazee wa Ufipa walikuwa wafua chuma. Walijenga malungu, tanuri za udongo ndefu kuliko mtu, wakayeyusha mawe ya nchi hii wakapata majembe. Jembe lao lilitengenezwa kwa udongo wa hapa na mkono wa mtu wa hapa. Hakuna aliyewaambia chuma kizuri ni anasa. Wajukuu zao leo wanapewa bomba jembamba lililopakwa rangi nyekundu, wanaambiwa washukuru.

Mimi sishukuru. Naomba kutoa hoja.